Bia ya sherehe: Uifungue leo au uisubirishe?

KWA karibu miaka miwili, nyuma ya mlango wa nyumba ya nyanya yangu kule Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, kulikuwa na chupa moja ya bia ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa imefungwa kwa gazeti na kusimamishwa ndani ya chungu kikuukuu kilichomeguka mdomo. Chungu chenyewe kilikaa juu ya mchanga ambao nyanya aliumwagia maji asubuhi na jioni, kama mtu anayenyunyizia sukuma wiki.

Chupa hiyo ililetwa na kaka yangu mkubwa Desemba 2022 alipokuja likizo. Hufanya kazi Ubelgiji, na kati ya viatu vya watoto na chokoleti alikuwa amefungia chupa tatu za Chimay ya buluu. Hii ni bia nyeusi yenye asilimia 9 ya kilevi, inayotoka kwa watawa wa abasia ya Scourmont ambao wamekuwa wakitengeneza bia tangu 1862. Kwenye lebo huandikwa mwaka, kama mvinyo, kwa sababu wapo watu wanaoinunua na kuiweka miaka mitano, hata kumi, kabla ya kuifungua.

Agizo lilikuwa fupi. "Moja tunywe leo. Moja ukae nayo mwaka mmoja. Ya tatu isiguswe hadi siku utakapopeleka ayie kwa wakwe zako."

Wakati huo sikuwa hata na namba ya simu ya msichana, lakini tulicheka na kukubaliana.

Kabla hujaendelea: kama hujafikisha miaka 18, sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 haikutambui kama mteja, na makala haya hayakutafutii njia ya mkato. Waliobaki, vuteni viti.

Chupa ya kwanza tuliinywa usiku wa Krismasi, watu wanne tukigawana vikombe vidogo. Ilikuwa kali, yenye povu jingi, na uchungu fulani uliokaa kwenye ulimi. Binamu yangu anayefanya kazi Awendo alisema ni kama Guinness iliyoenda chuo kikuu. Kaka akatuambia tusubiri, kwamba ikikaa uchungu utapungua na itaanza kuonja kama tende na zabibu kavu. Tulimwamini, kwani yeye ndiye aliyekuwa na tiketi ya ndege.

Ya pili niliibeba hadi Homa Bay mjini, ambako nilikuwa nimepanga keja Shauri Yako. Chumba kimoja, mabati juu, dirisha linalotazama ziwa. Niliiweka juu ya kabati ili kila mgeni aione. Ningekuwa mkweli, ningesema niliiweka pale kwa sababu ya warembo.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2023, niliwaita marafiki wawili tuifungue kwa heshima zote. Nilikuwa nimeazima hata glasi. Povu lilitoka dogo, likafa. Harufu ilikuwa ya katoni iliyonyeshewa. Nilipoionja nikakumbuka supu ya mifupa iliyosahaulika jikoni tangu jana. Rafiki yangu mmoja, kwa adabu, alisema ina "ladha ya kizungu". Mwingine alienda nje na kurudi na soda.

Hapo ndipo nilianza kuuliza na kusoma. Jibu halikuwa gumu, ila hakuna aliyekuwa ameliandika akifikiria mtu anayeishi chini ya mabati kando ya Ziwa Victoria.

Ushauri wote wa kuweka bia miaka na miaka unatoka nchi zenye vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo hubaki kwenye nyuzijoto 10 hadi 13 mwaka mzima. Homa Bay mchana si ajabu kufika 30, na chini ya mabati bila dari ni zaidi. Kuna kanuna ya makadirio ambayo wanakemia hutumia: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, mabadiliko ya kikemikali huenda kasi karibu mara mbili, wakati mwingine zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka mmoja juu ya kabati langu ulikuwa kama miaka mitatu au minne katika ghala la watawa, tena na joto linalopanda mchana na kushuka usiku, kila siku. Nilidhani ninaikomaza, kumbe ninaipika.

Kilichotokea ndani ya chupa kina maelezo yake. Hewa kidogo inayobaki chini ya kizibo huanza kuila bia polepole, na hapo ndipo harufu ya karatasi iliyolowa huzaliwa. Hamira iliyo hai chini ya chupa husaidia mwanzoni, kwani nayo huivuta hewa hiyo na kuilinda bia. Lakini joto likizidi, hamira hufa na kupasuka, na ladha ile ya supu ni mizoga yake. Samahani kama ulikuwa unakula.

Nuru nayo ina lawama. Bia hutiwa maua ya mmea uitwao hopsi, ndiyo yanayoleta uchungu, na mwanga wa jua ukiyapiga hutoa harufu kama ya kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na isiyo na rangi haizuii kitu. Yangu ilikuwa ya kahawia, kwa hiyo kosa hilo sikubebeshwa. Mengine yote ni yangu.

Sasa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui, na nimelisikia likibishaniwa katika baa za Migori kwa sauti ya juu kuliko muziki. Mtu anahifadhi kreti ya bia za kawaida tangu harusi ya dadake, akiamini kwamba "zinapata nguvu". Hazipati. Bia ya kawaida kama Tusker, yenye asilimia 4.2, huchujwa hamira yote na kupashwa moto kabla ya kuuzwa. Ndani yake hakuna kilicho hai cha kuendelea kufanya kazi. Siku inayotoka kiwandani ndiyo siku yake bora, na tarehe iliyochapishwa kwenye chupa si pambo. Guinness ya hapa, yenye asilimia 6.5, itavumilia muda zaidi. Ukoo wake ni bia zilizotiwa nguvu na hopsi nyingi ili zistahimili safari ndefu za meli miaka ya 1800. Lakini kuvumilia safari si kuwa tamu zaidi mwishoni mwake.

Na keg? Senator Keg iliingia sokoni 2004, na tangu 2019 hutengenezwa pia Kisumu, kwa mtama ambao sehemu yake hulimwa na watu wetu hapa Homa Bay na Migori. Ni bia ya pipa. Likishafunguliwa, kazi ni kulimaliza. Sijawahi kusikia mtu akihifadhi keg, na natumaini sitasikia.

Kwa hivyo bia inayofaa kuwekwa ni ya aina chache sana: yenye nguvu, asilimia 8 kwenda juu, nyeusi au ya kahawia nzito, na yenye hamira hai ndani ya chupa. Hata hapo, wenyewe hawakubaliani. Ubelgiji hiyo hiyo kuna bia iitwayo Orval, asilimia 6.2 tu, ambayo watu wamegawanyika juu yake makundi mawili: wanaoitaka changa, ikiwa na harufu ya maua ya hopsi, na wanaoiacha angalau miezi sita ili hamira ya mwituni iliyomo iile sukari iliyobaki na kuifanya kavu na chachu. Baa zingine huko huweka zote mbili na kukuuliza unataka ipi. Bia ni moja, walevi ni wawili.

Nilipomweleza nyanya haya yote, wikendi moja nilipopanda matatu kutoka Migori kupitia Rongo na Rodi Kopany kwenda kumwona, hakushangaa hata kidogo. Alishangaa kwamba nililipa karo ya chuo na bado nikahitaji kufundishwa kwamba pombe huharibika kwa joto.

Nyanya yangu alipika kong'o kwa miaka zaidi ya ishirini. Baba yangu, ambaye sasa ni marehemu, alisoma hadi kidato cha nne kwa pesa za busaa, na si yeye pekee. Ukizunguka Nyanza utakutana na wahasibu na walimu wakuu wengi ambao karo yao ilitoka chunguni, ingawa si wote watakaokuambia. Mama yangu mzazi ni Msabato wa kweli kweli. Kwao ni karibu na Gendia, ambako wamishonari Waadventista walifika 1906, na ukoo wake haujaonja pombe tangu wakati huo, au ndivyo wanavyosema. Ndiyo sababu ile chupa ya tatu haikulala kwa mama hata usiku mmoja. Ilivushwa ua hadi kwa nyanya.

Nyanya alinieleza kazi yake jinsi mtu anavyoeleza njia ya kwenda sokoni. Unga wa mahindi huloweshwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana hadi uwe wa kahawia, ukitoa harufu inayofika kwa majirani na kwa askari wa chifu kwa wakati mmoja. Baadaye huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, ambacho kwa Dholuo tunakiita thowi. Baada ya siku mbili au tatu, kutegemea jua, iko tayari.

"Siku ya kwanza ni tamu, hata mwanamke mja mzito angeitamani," alisema. "Siku ya pili ndiyo ya wazee. Siku ya tatu ni ya wale wasio na pesa."

"Na ya nne?"

"Ya nne huwapa nguruwe, ama yule anayepika chang'aa."

Nilimuuliza kama kuna siku aliwahi kujaribu kuihifadhi. Aliniambia kisa cha kijana wa bodaboda aliyenunua busaa ikiwa bado inachemka, akaimimina kwenye jerikeni, akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote na kuondoka nayo kuelekea Rangwe. Jerikeni lilivimba njiani kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Lilipolipuka, kijana alidhani amepigwa risasi, akaiacha pikipiki barabarani.

Kilichonivutia zaidi ni hesabu yake ya siku. Kong'o haikupikwa halafu ikatafutiwa sherehe. Sherehe ilitangulia. Wakijua kwamba Jumamosi ya tatu kuna watu watakuja kwa shughuli ya mazishi, au watu wataitwa kusaidia kupalilia, nyanya alianza kurudi nyuma kwa vidole: siku ya kuloweka wimbi, siku za kuchipua, siku ya kuanika, siku ya kusaga, siku ya kukaanga. Akikosea siku moja, wageni wangekuta uji au siki. Hata kwa majirani zetu Wakuria wa upande wa Kehancha, pombe ya wimbi hupikwa kwa kufuata shughuli. Sisi na zile Chimay tulifanya kinyume: tulikuwa na pombe tayari, tukaanza kuitafutia siku.

Na siku hiyo haikuwa ikija. Kufikia Agosti 2024 nilikuwa na mpenzi, ndiyo, anafunza shule ya msingi karibu na Rongo, lakini ayie inahitaji pesa na mazungumzo, na vyote viwili vilikuwa vinaenda polepole. Kaka alinipigia simu kila mwezi kuulizia chupa kuliko alivyouliza kunihusu mimi.

Babu naye alikuwa anadhoofika.

Babu ana zaidi ya miaka themanini. Zamani alikuwa na kiti chake kwenye duara la wazee waliokaa kuzunguka chungu, kila mmoja na oseke wake, ule mrija mrefu wenye kichujio mwishoni, huku maji ya moto yakiongezwa kidogo kidogo. Oseke wake bado umechomekwa kwenye paa la nyumba, umekauka na kuingia masizi. Mwaka huo miguu ilianza kumkataa. Alitoka nje mara moja kwa siku, akakaa chini ya mwembe, akasalimia wapita njia kwa majina ya baba zao. Daktari alikuwa amemkataza chumvi. Kuhusu kikombe kimoja cha pombe hakusema kitu, na babu alihakikisha hakuna anayemuuliza tena.

Alijua kuhusu chupa. Nyumba ni yake, mchanga wenye maji uko nyuma ya mlango wake, angekosaje kujua?

Jumapili moja akaniita. "Nyakwara," akasema, yaani mjukuu wangu, "ile kitu ya kakako inangoja nini?"

Nikamweleza. Ayie, kaka, ahadi, miaka mitano. Nikamweleza hata kuhusu nyuzijoto. Alisikiliza akitazama barabara.

"Huyo msichana anakunywa?"

"Hapana, babu. Ni wa kanisa."

"Mamako?"

"Unamjua."

"Basi siku hiyo mtaifungulia nani?"

Nilikosa la kusema. Usiku huo nililala kwenye simba yangu nikiwaza kwa njia mbili. Upande mmoja, ahadi ni ahadi, na chupa ilikuwa mahali pazuri. Nyumba ya nyanya ni ya udongo na nyasi, chungu kinatoa jasho na kupoza kilicho ndani; nilipoigusa mchana wa jua kali, chupa ilikuwa baridi kuliko maji ya mfereji. Hii haikuwa hali ya Shauri Yako. Huenda ingefika hata miaka mitatu ikiwa salama. Upande wa pili, ingefika kwa nani? Kaka angeshuka uwanja wa ndege kwa wiki mbili, tuifungue baina yetu, tuseme tende, tuseme zabibu kavu. Na kiti cha chini ya mwembe?

Kuna watu wataniambia kwamba hilo si swali la bia. Kwangu ndilo swali lenyewe. Vitabu vya bia hukuambia uangalie nguvu, rangi, hamira, joto na mwanga, na vyote ni kweli. Havikuambii kwamba wanaosubiriwa kunywa nao pia wanazeeka, na hao huwezi kuwasimamisha kwenye mchanga wenye maji.

Nilimpigia kaka asubuhi kabla hajaingia kazini. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani vocha imeisha.

"Omera, tulikubaliana," akasema.

"Tulikubaliana kabla babu hajaacha kutembea."

Akanyamaza tena. Kisha akaniuliza kama nyanya ana kikombe safi, na akataka tumpigie video.

Tuliifungua siku hiyo saa kumi jioni. Kama unayo ya aina hii, iache isimame saa chache bila kutikiswa, kisha mimina taratibu bila kukata, na uache kidole kimoja chini ambako hamira imekaa, isipokuwa kama unapenda bia yenye matope. Usiinywe ikiwa baridi kama barafu, ladha hulala. Hii tuliitoa chunguni tu, na hiyo ilitosha.

Povu lilipanda, rangi ya maziwa yaliyotiwa majani. Uchungu wa ile ya kwanza ulikuwa umeshuka. Sitasema kwamba nilionja tende, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nitaonja tende na sasa siwezi kujiamini. Ila ilikuwa laini, nzito, na tamu kwa namna ambayo ile ya Krismasi haikuwa. Miezi ishirini kwenye chungu cha nyanya iliifaa.

Babu aliishika kwa mikono miwili kwenye kikombe cha bati. Akanywa kidogo, akafunga macho, akanywa tena. Kaka kwenye simu alikuwa ameisogeza sura yake hadi ikajaza skrini.

"Inaonja aje, babu?"

"Hii imepikwa na mtu asiye na haraka," babu akasema. Kisha akaniuliza kama kuna maji ya moto ya kuongezea.

Nilimwambia hii haiongezwi maji. Alinitazama kwa huruma, akamaliza kikombe, na akamuuliza kaka atarudi lini na atabeba ngapi. Kaka akasema Desemba ya mwaka unaofuata. Babu akasema basi alete nne, moja ya ayie tuiweke chunguni kama awali, zingine tusizungushane.

Mama alipita uani akielekea kisimani, akatuona, akaendelea na safari yake bila kusalimia. Chupa yenyewe nyanya aliiosha jioni hiyo hiyo. Sasa anawekea samli.